Shilingi ya Tanga na shilingi ya Mombasa: ipi ilikuwa kubwa mwaka 1983?

SWALI: Assalaam alaikum, mwalimu, na shikamoo. Marehemu baba alikuwa akifanya biashara baina ya Mombasa na Tanga. Tumefungua sanduku lake tukapata daftari la madeni. Mistari mitatu inamhusu binamu yake wa Ngamiani, Tanga: "TSh 4,000, Agosti 1983", "TSh 30,000, Oktoba 1987" na "KSh 20,000, Desemba 1993". Watoto wa binamu huyo wamelikubali deni na wanataka kulilipa, lakini kila mmoja ana hesabu yake. Nimetafuta viwango vya zamani mtandaoni nikapata majedwali yanayopingana, na moja linasema mwaka 1983 shilingi ya Tanzania ilikuwa kubwa kuliko yetu! Ni kweli? Tuhesabu vipi? Nakuandikia pia mstari mwingine wa ukurasa huohuo wa 1983, huenda ukasaidia: "Sabuni katoni 6, Mba. 900/-, Tga. 5,400/-". Tena ndani ya daftari mna noti kuukuu za Tanzania zenye picha ya Nyerere. Zina kazi? (Msomaji, Majengo)

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu, na marahaba. Mungu amrehemu mzee. Umefanya vizuri kuuandika ule mstari wa sabuni. Bila huo ningekujibu nusu tu.

Jedwali lililokushangaza halijakosea. Wastani wa mwaka 1983, dola moja ya Marekani kwa bei ya benki ilikuwa KSh 13.31 Nairobi na TSh 11.14 Dar es Salaam. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na senti 84 za Tanzania. Kwa karatasi, basi, shilingi ya Tanga ilikuwa nzito kuliko ya Mombasa. Lakini hapa pwani hukumpata mtu wa kutoa mia ya Kenya, akapokea 84 za Tanzania, akaenda zake ameridhika.

Ili uone karatasi na soko zilivyoachana, rudi nyuma kidogo. Babu yako alipokwenda Tanga miaka ya 1950 hakuwa na haja ya kubadilisha chochote. Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Zanzibar zilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, bodi iliyoundwa 1919 na kuileta shilingi hiyo mwaka 1921, ishirini kwa pauni moja ya Uingereza. Bodi ikavunjwa 1966, kila nchi ikafungua benki kuu yake: Tanzania ikatoa shilingi yake tarehe 14 Juni, Uganda ikafuata Agosti, Kenya tarehe 14 Septemba. Zote zilianza sawasawa, 7.14 kwa dola. Pauni iliposhushwa Novemba 1967 hazikuifuata. Oktoba 1975 ya Kenya na ya Tanzania zikafungwa kwenye SDR, lile kapu la sarafu la Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kila moja kwa 9.66. Kwa hiyo daftari lingekuwa na deni la kati ya 1966 na 1978, ningekwambia shilingi moja ya Kenya kwa shilingi moja ya Tanzania, tena umalize. Mwaka 1978 wastani wa dola ulikuwa 7.73 kwetu na 7.71 kwao.

Baada ya hapo ndipo njia zikaachana. Bei ya kahawa iliyopanda 1976 na 1977 ilianguka, mafuta yakapanda 1979, na Tanzania ikabeba gharama za vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin. Nchi zote mbili ziliishiwa dola. Kenya ikaishusha shilingi yake mwaka 1981, tena Desemba 1982. Tanzania ilikataa kushusha kwa kiasi kilichotakiwa, na jambo hilo likawa la siasa kabisa: Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu 1979 baada ya kutoelewana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF, na kushusha thamani ya shilingi lilikuwa mojawapo. Hatua chache zilizochukuliwa hazikutosha, ndiyo maana 1982 na 1983 ukakuta ya Tanzania inaonekana kubwa. Haikuwa na nguvu zaidi. Yetu ilikuwa imeshashushwa, yao ilikuwa bado imeshikiliwa kwa amri.

Bei inayoshikiliwa kwa amri ina dalili moja: kwa bei hiyo bidhaa haipatikani. Dola ya shilingi 11 ilikuwepo, lakini iligawiwa kwa kibali, na mfanyabiashara mdogo wa Tanga hakuiona. Madukani hapakuwa na sabuni, sukari wala mafuta ya kupikia. Aliyekuwa na bidhaa ya Kenya aliuza kwa bei aitakayo, na aliyetaka shilingi ya Kenya aliinunua kwa wanaobadilisha chini kwa chini, kwa kiwango kilichokuwa mbali na cha benki. Kufikia 1985 dola ya magendo Tanzania ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya benki. Wazee wa Vanga na Shimoni watakusimulia habari za karafuu za Pemba. Mkulima alilazimika kuliuzia shirika la serikali kwa bei iliyopangwa, kwa shilingi ambayo haikununua kitu, na usiku majahazi yakavuka na magunia kuja upande wetu. Yule mkulima hakuwa na jedwali la viwango, lakini alijua kiwango cha kweli kuliko benki.

Na hapa niseme neno kwa adabu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa Novemba 1983. Mzee wako kaandika Agosti 1983. Hizo katoni sita hazikupita Horohoro na stakabadhi ya forodha. Tena ule ndio mwaka wa Waziri Mkuu Sokoine, msako wa walioitwa wahujumu uchumi ulianza Machi. Aliyefikisha sabuni Tanga mwezi ule alikuwa na moyo. Silisemi kumchafulia jina. Nalisema kwa sababu linaingia kwenye hesabu yako.

Tutazame basi sabuni. Katoni sita alizinunua Mombasa kwa KSh 900, akaziuza Tanga kwa TSh 5,400. Ukigawanya, unapata sita: kila shilingi ya Kenya aliyoitoa ilimrudishia sita za Tanzania. Hicho si kiwango cha kubadilisha fedha moja kwa moja, maana ndani yake mna nauli, faida, na malipo ya hatari. Mimi ningetoa kama sehemu moja kwa tano kwa ajili ya hayo, nibaki na 4.8. Ukitoa robo utabaki na 4.5. Mfanyabiashara mwenzake akikuambia alitarajia faida kubwa zaidi, itashuka tena. Lakini haiwezi kufika 0.84 kwa namna yoyote. Hapo ndipo pa kusimama: kiwango alichoishi nacho baba yako Agosti 1983 kilikuwa katikati ya nne na tano, kile cha jedwali kilikuwa cha serikali kuhesabiana.

Sasa weka TSh 4,000 kwenye mizani. Ukilipwa leo TSh 4,000 zilezile, kwa kiwango cha sasa cha karibu TSh 20 kwa shilingi ya Kenya, utapata KSh 200. Hazitoshi hata chakula cha mchana cha watu wawili. Ukitumia kiwango cha benki cha 1983, zile 4,000 zilikuwa dola 359, na kwa KSh 129 kwa dola (bei imekaa karibu hapo tangu katikati ya 2024) ni zaidi ya KSh 46,000. Ukitumia kiwango cha sabuni, 4,000 gawanya kwa 4.8 ni KSh 833 za wakati ule, yaani dola 63 hivi, ambazo leo ni kama KSh 8,000. Mia mbili, elfu nane, elfu arobaini na sita: deni ni lile lile. Naamini ndugu zako wa Tanga wanabishana kwa sababu mmoja ameshika la kwanza na mwingine la mwisho. La katikati ndilo ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote, ingawa dola nayo imepungua thamani tangu 1983 na KSh 8,000 za leo zinanunua kidogo kuliko KSh 833 za siku zile.

Deni la pili, TSh 30,000 za Oktoba 1987, liko kwenye mazingira mengine. Nyerere alitoka madarakani Novemba 1985, akaingia Mwinyi, na mwaka 1986 Tanzania ikakubaliana na IMF. Shilingi iliyoshikiliwa miaka yote ikaachiwa, na mwendo wake ulikuwa wa kasi: dola ilikuwa TSh 16.50 mwisho wa 1985, ikafika 51.72 mwisho wa 1986 na 83.72 mwisho wa 1987. Yetu muda wote huo ilikuwa imetulia kwenye 16 na kidogo. Kwa hiyo uwiano ulianza 1986 karibu moja kwa moja, ukamaliza mwaka huohuo kwenye 3.2.

Hapo ndipo majedwali ya mtandaoni yanapowaponza watu. Mengi hutoa wastani wa mwaka. Wastani wa Tanzania mwaka 1986 ni kama 32.7, bei ambayo dola iliipita njiani tu. Aliyekopa Januari na aliyekopa Desemba wanapewa kiwango kimoja, ilhali wa kwanza alikopa fedha yenye thamani mara tatu ya wa pili. Kwa miaka iliyotulia wastani unatosha kabisa. Kwa mwaka kama ule, bila mwezi huna kitu. Baba yako aliandika miezi, na mimi nampa heshima yake kwa hilo.

Oktoba 1987, basi. Wastani wa mwaka ule ni TSh 64.26 kwa KSh 16.45, yaani 3.9. Mwisho wa mwaka ni kama 5.1. Oktoba ipo katikati, tena karibu zaidi na mwisho. Chukua 4.5, TSh 30,000 zinakuwa KSh 6,700 hivi za wakati ule, au dola 400 na kidogo. Lakini hicho bado ni kiwango cha benki, na mwaka 1987 bei ya magendo ilikuwa bado juu sana ya benki hata baada ya mageuzi. Kwa hiyo iwe ni dari: deni halisi lipo chini ya hapo, si juu yake. Pekua kurasa za 1987 utafute bidhaa nyingine aliyoiandika bei ya pande zote mbili, khanga, betri, chochote. Ukiipata, fanya kama tulivyofanya kwa sabuni.

Deni la tatu ni la shilingi za Kenya, na watu wa Mombasa hudhani hapo hapana tatizo. Mwaka 1993 ilikuwa zamu yetu. Baada ya uchaguzi wa 1992 na fedha nyingi zilizomiminwa sokoni, pamoja na sakata la ufisadi la Goldenberg, dola ilipanda kutoka KSh 36 mwisho wa 1992 hadi 68 mwisho wa 1993. Kisha, katika mwaka mmoja tu, ikarudi chini hadi kama 45 mwisho wa 1994. Ya Tanzania katika mwaka huo wa 1994 iliteremka polepole, dola kutoka TSh 480 mwisho wa 1993 hadi 523 mwisho wa 1994. Ukigawanya, Desemba 1993 shilingi ya Kenya ilinunua saba za Tanzania, na Desemba 1994 ikanunua kama 11.7.

Maana yake kwa daftari ni hii. Siku baba yako alipotoa KSh 20,000, kule Tanga zilikuwa TSh 140,000. Binamu angelipa baada ya mwaka mmoja kwa shilingi za Kenya kama alivyokopa, angehitaji kama TSh 234,000 kuzinunua. Kwa hiyo watoto wake wakisema deni liwe TSh 140,000 "kwa sababu ndizo mzee alizopokea", waambie hapana: aliandikiwa kwa shilingi za Kenya, na hatari ya kubadilika ilikuwa ya mkopaji. Na wewe usije ukadai kwa kiwango cha 1994 kwa kuwa ni kizuri kwako. KSh 20,000 za Desemba 1993 zilikuwa kama dola 293, na dola hizo leo ni karibu KSh 38,000. Kwa deni hili, tofauti na lile la 1983, jedwali linaaminika, kwa kuwa Kenya iliiachia shilingi yake ipate bei sokoni Oktoba 1993, na Tanzania ilikuwa imeruhusu maduka ya kubadilishia fedha kwa sheria ya 1992. Kiwango cha benki na cha mtaani vilikuwa vimeshakutana, au karibu.

Sasa hayo majedwali yanayopingana. Kwanza angalia upande. Benki Kuu ya Kenya hutangaza dola kwa idadi ya shilingi zetu, lakini shilingi za Tanzania na Uganda huzitangaza kinyume, yaani shilingi moja ya Kenya inanunua ngapi za jirani. Mtu akinakili bila kutazama, 20 inageuka 0.05 na vita vinaanza. Pili, angalia kama ni wastani wa mwaka au bei ya siku ya mwisho wa mwaka, maana kwa 1986, 1987 na 1993 tofauti yake ni kubwa. Tatu, ukikuta tovuti inakupa kiwango cha shilingi hizi mbili cha siku fulani ya mwaka 1983 chenye tarakimu nne baada ya nukta, kishuku: kimepigwa kupitia dola kwa mashine, wala hakuna duka la kubadilishia fedha lililowahi kukiandika ubaoni. Kwetu maduka hayo yalipewa leseni mwaka 1995. Na ukikuta ukurasa wa Uganda, niulize kwanza kabla hujagusa kikokotoo, kwa kuwa Uganda ilifuta sifuri mbili mwaka 1987. Kenya na Tanzania hazijawahi kufuta sifuri.

Kuhusu nani alipe kwa kipimo gani kisheria na kidini, hapo mimi naishia. Wanazuoni wamelijadili tangu zamani suala la deni la fedha iliyoporomoka, na kauli zao si moja. Mtafuteni sheikh mnayemwamini nyote, wa huku na wa kule. Kazi yangu ni kumpa hesabu ya kweli asije akaletewa ile ya KSh 200 au ile ya 46,000. Ukiniuliza mimi kama jamaa wa pembeni, ningependekeza madeni yote matatu yageuzwe dola kwa kiwango cha soko cha mwezi wa kukopa, yajumlishwe, kisha familia mbili zikae zipunguziane. Lakini msianze kupunguziana kabla ya kukubaliana kipimo. Nimeona watu wa damu moja wakisameheana nusu ya deni ambalo kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Mkikubaliana na malipo yakatoka Tanga kwa shilingi za Tanzania, andikeni kiasi kwa shilingi za Kenya au dola, tena mtaje nani anabeba gharama ya kubadilisha. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipokuwa imepita KSh 160, shilingi ya Kenya ilinunua chini ya 16 za Tanzania. Miezi michache baadaye yetu ilipopata nguvu ikanunua zaidi ya 20. Deni likilipwa kwa awamu katika kipindi kama kile, mnaanza ugomvi upya. Na bei ya wale vijana wanaobadilisha fedha mpakani Lunga Lunga si ile ya Benki Kuu, kuna pengo la kununua na kuuza, usimlaumu mlipaji kwa hilo.

Hizo noti kuukuu zenye picha ya Nyerere hazina thamani ya kulipia. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa nafasi ya mwisho ya kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na hata kama zenu ni za toleo hilo, muda umekwisha. Anayekusanya noti za kale anaweza kukupa chochote zikiwa hazijakunjika. Zilizokaa kwenye daftari la madeni kwa miaka arobaini nadhani zimekunjika.

Nitumie ukurasa wa 1987 ukipata bei ya kitu kimoja ya pande mbili. Nikiuona nitakupigia ile hesabu ya pili vizuri, si kwa dari.